Tansiyo ya mimba iliyokataa kuisha: kisa cha familia moja ya Bukavu

Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 31, mama wa watoto watatu, anaishi katika mtaa mmoja wa mlimani mjini Bukavu, Kivu, mashariki mwa Kongo. Jina, kazi, mtaa na hospitali vimeondolewa, na tarehe zimegeuzwa kuwa wiki na miezi. Siku kisa kinapoanza hakuja kujitibu. Alimleta mtoto wake wa tatu kwa chanjo ya wiki ya 14, akasema tu kwamba kichwa kinamuuma. Muuguzi wa chanjo, ambaye kazi yake siku hiyo haikuwa kupima akina mama, alimfunga mkononi mkanda wa mashine ya kupima tansiyo, yaani shinikizo la damu. Ilisoma 168/104.

Jibu la kwanza la mgonjwa lilikuwa lile alilofundishwa uzazini: "Ile njo tansiyo ya mimba, walisema itaisha nikizaa." Alikuwa amezaa wiki 14 zilizopita. Shinikizo linaloletwa na ujauzito peke yake hushuka ndani ya wiki 12 baada ya kujifungua. Likipita hapo, mimba haina lawama tena na lazima itafutwe sababu nyingine.

Fishi ya CPN ilivyosomeka

Fishi (karatasi ya vipimo) ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, ilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mtoto. Vipimo vilikuwa hivi: wiki ya 14, 148/94, wiki ya 22, 134/84, wiki ya 31, 156/100 na protini ya alama moja kwenye mkojo. Kando ya kile cha kwanza mtu aliandika "amepanda mlima". Kando ya cha pili, "sawa". Kwenye cha tatu ndipo lilipoandikwa neno tansiyo, akaanzishiwa methyldopa miligramu 250 mara tatu kwa siku, baadaye 500 mara tatu. Uchungu ulianzishwa wiki ya 37, mtoto akazaliwa na kilo 2.6. Mama alirudi nyumbani na vidonge vya wiki mbili. Vilipokwisha, hakuna aliyempima tena.

Wiki ya 14 ilitosha kutoa jibu. Shinikizo la juu linaloonekana kabla ya wiki ya 20 ni la mtu aliyeingia nalo kwenye mimba. Kilichomficha ni kile kipimo cha wiki ya 22. Katikati ya ujauzito mishipa hulegea, na shinikizo la karibu kila mwanamke hushuka kidogo, hata la yule mwenye ugonjwa wa siku nyingi. Kwa hiyo 134/84 ya wiki ya 22 haikufuta 148/94 ya wiki ya 14; ilikuwa mgonjwa yuleyule akiwa amepunguziwa na mimba. Aliyeandika "amepanda mlima" naye hakukosea kabisa, maana ngazi za mitaa ya Bukavu humpandisha mtu yeyote. Ila dawa ya mlima ni kumketisha mama dakika tano na kupima tena. Kupanda mlima kusiwe sababu ya kukiacha kipimo.

Nyumbani ilipatikana fishi ya mimba ya pili, ya miaka minne nyuma. Wiki ya 16: 138/88. Hakuna aliyeziweka fishi hizo mbili juu ya meza moja.

Kuthibitisha kabla ya kutafuta

Kabla ya kumpa mtu ugonjwa wa maisha, kipimo kilirudiwa siku tatu tofauti. Alikaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunjana, kibofu kikiwa kitupu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, dakika tano bila mazungumzo. Mzingo wa mkono wake ulikuwa sentimita 33, na mkanda uliokuwa chumba cha chanjo ulikuwa mdogo kwake. Mkanda mdogo huongeza kipimo kwa uongo, hivyo uliazimwa mkubwa kutoka chumba cha wanaume. Siku ya kwanza mikono yote miwili ilipimwa, na tofauti kati yake ilikuwa ndogo. Wastani wa siku tatu ulikuwa 158/100. Mkanda ulimpunguzia kidogo, lakini ugonjwa ulibaki.

Methyldopa haikurudishwa. Baada ya uzazi dawa hiyo huchosha na inaweza kuzidisha huzuni ya mama mzazi. Alianzishiwa amlodipine miligramu 5 mara moja kwa siku, inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha, huku sababu ikitafutwa.

Daktari aliyempokea aliandika dhana yake ya kwanza: shinikizo la kawaida la ukoo. Alikuwa na msingi. Baba mzazi wa mgonjwa ana tansiyo, na kwenye sehemu ya historia ya familia kulikuwa na mstari mmoja: "Baba: tansiyo. Baba mkubwa: alikufa kwa tansiyo." Wawili upande wa baba, basi. Mstari huo ndio uliokaribia kukifunga kisa hiki.

Mti wa ukoo, na maneno yanayoudanganya

Katika ufundi wa kuuliza historia ya familia, vitabu vya tiba tunavyovisoma havikuandikwa kwa Kiswahili. Vinaagiza: uliza baba, uliza kaka, uliza ami. Kwetu "baba" ni zaidi ya mmoja, "ndugu" ni nusu ya mtaa, na mtoto wa mama mdogo ni dada kamili katika mazungumzo. Jeni hazifuati heshima hiyo. Kwa hiyo muuguzi alichukua karatasi nyeupe, akachora duara kwa wanawake na mraba kwa wanaume, na kwa kila mtu akauliza maswali manne kabla ya kuuliza ugonjwa: Nani alimzaa? Na nani mwingine? Yu hai au amekufa? Kama amekufa, kwa umri gani?

Alipofika kwa baba mkubwa aliuliza hivi: "Yeye na papa yako walitoka tumbo moja?"

"Hapana. Alikuwa bwana ya mama mkubwa."

Mraba huo ukahamishwa. Mume wa dada mkubwa wa mama hana tone la damu na mgonjwa, na tansiyo yake haikuhusu chochote. Upande wa baba akabaki baba peke yake: miaka 63, tansiyo iliyogunduliwa akiwa na miaka 55, anatumia kidonge kimoja na anaendelea vizuri. Hiyo ni tansiyo ya wazee wengi wa mji huu, na haielezi kwa nini binti ana 158/100 akiwa na miaka 31.

Upande wa mama ulikuwa umeachwa wazi kwenye faili kwa sababu mgonjwa alijibu kwamba huko hakuna tansiyo. Hakudanganya. Hakuna aliyewahi kupimwa huko. Akaombwa aje na mama mkubwa, mwenye miaka 58, mzima, asiye na tansiyo hata alipopimwa hapohapo. Yeye ndiye aliyeujaza upande huo.

Mama wa mgonjwa alikufa miaka 12 iliyopita, akiwa na miaka 44. "Walimupa karuho," mama mkubwa alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo linalojulikana. Karuho ni sumu ambayo Kivu nzima inaizungumzia, na vifo vingi vya polepole huishia kwenye jina hilo. Muuguzi hakubishana naye. Aliuliza tu siku zilikwendaje. Alivimba miguu, kisha uso asubuhi. Akawashwa mwili mzima bila vipele. Alitapika kila alichokula, akashikwa na kwikwi isiyokoma, mkojo ukawa kidogo. Ilichukua miezi. Mwenye kujua magonjwa ya figo huhitaji maelezo machache kuliko hayo: huo ni mwendo wa figo zilizokufa.

Mjomba, kaka wa mama kwa baba na mama, alikufa na miaka 41. Alishikwa na kichwa ghafla akiwa kanisani, akaanguka, siku ya pili akafa. Nyanya mzaa mama alikufa akikaribia miaka 60, na jambo ambalo mama mkubwa alilikumbuka zaidi ni tumbo lake: "Lilikuwa gumu huku na huku, kama amebeba mawe mbili."

Karatasi ilipomalizika, upande wa mama ulionyesha vizazi vitatu bila kuruka, mwanamume na wanawake, mmoja hakuguswa, wengine wamekufa mapema. Kilichojitokeza ni figo, kichwa na tumbo, na neno tansiyo halimo popote upande huo.

Urithi wa aina mbili

Hapa ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo neno "ya ukoo" huyachanganya.

Katika tofauti za shinikizo kati ya mtu na mtu, asilimia 30 hadi 50 hukadiriwa kutoka kwa urithi. Kwa watu wengi urithi huo ni vipande vidogo vingi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2018, uliohusisha zaidi ya watu milioni moja wenye asili ya Ulaya, ulifikisha idadi ya sehemu za jeni zinazogusa shinikizo kuwa 901. Kila moja husukuma kidogo sana, mara nyingi chini ya milimita moja ya zebaki. Baba wa mgonjwa ni mfano wake: vipande vingi vidogo, chumvi, umri na uzito vikikutana baada ya miaka 50. Alama za hatari zinazokokotolewa kutoka jeni hizo hubashiri vibaya zaidi kwa Waafrika, kwa kuwa hazikutengenezwa kutokana na damu yao. Kwa mgonjwa wa Bukavu, swali la "nani kwenu, akiwa na umri gani" bado lina faida zaidi.

Aina ya pili ni adimu, na ndiyo inayotakiwa kuwindwa: jeni moja iliyoharibika inayotosha peke yake kumpandisha mtu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, kama kurusha sarafu, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka kwa mtoto aliyetangulia. Kinachoiashiria ni shinikizo la daraja la pili (160 kwa namba ya juu au 100 kwa ya chini) au zaidi kabla ya miaka 40, vifo vya mapema vya figo au vya kichwa upande mmoja wa familia, na potasiamu isiyo ya kawaida.

Potasiamu ilipimwa kabla ya kumpa kidonge chochote cha kukojoza, maana vidonge hivyo huishusha na kuharibu swali. Ilikuwa ya kawaida, 4.3 mmol/L. Ingekuwa chini, kwa mfano 2.9, mawazo yangeelekea kwenye tezi zilizo juu ya figo zinazotoa aldosteroni, homoni ya kushika chumvi, kupita kiasi, au ugonjwa wa Liddle, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1963, ambamo mirija ya figo hufyonza chumvi bila kuambiwa. Ugonjwa huo haujali kidonge cha spironolactone, ila husikia amiloride. Kwa 4.3 milango hiyo haikufungwa kabisa, lakini ilisogea nyuma ya foleni.

Labo ilileta pia kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja: 1.2 mg/dL, bila nyota ya kuonya, kwa sababu kwenye karatasi yao kikomo ni 1.2. Daktari alikaribia kuigeuza karatasi. Kreatinini haisomwi bila umri na jinsia. Kwa mwanamke wa miaka 31, 1.2 inamaanisha figo zinachuja takriban mililita 62 kwa dakika, na mwenye umri wake angetarajiwa kuwa juu ya 90. Theluthi moja ilikuwa imekwenda bila nyota.

Ekografia iliyokuwa inapita pembeni

Mgonjwa alipigwa ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) tatu akiwa mjamzito. Kila mara kichwa cha mashine kilipita sentimita chache kutoka kwenye figo zake, na kila mara ripoti ilisema kuhusu mtoto, kondo na maji. Hakuna aliyeulizwa kuhusu figo, hakuna aliyeziangalia.

Safari hii alilazwa ubavu, akaambiwa avute pumzi ndefu na aishike ili figo ishuke chini ya mbavu. Figo ya kulia ilikuwa sentimita 15.2, ya kushoto 14.6, ya kawaida ni 9 hadi 12. Zote mbili zilijaa vifuko vya maji visivyohesabika, na vingine vichache vilikuwa kwenye ini. Kwa anayeshika mashine ndogo kituoni, kosa la kawaida ni kuchanganya vifuko hivi na figo iliyovimba kwa mkojo ulioziba. Namna ya kuvitofautisha ni kufuata weusi: mkojo ulioziba hutengeneza mashimo meusi yanayoungana katikati kama vidole kwenye kiganja, na vifuko vya ugonjwa huu haviungani, kila kimoja ni duara lake, ukuta mwembamba, nyuma yake panang'aa.

Kwa mtu mwenye mzazi anayejulikana kuwa na ugonjwa, kati ya miaka 15 na 39 vifuko vitatu vinatosha kuuthibitisha, viwe figo moja au mbili. Kati ya 40 na 59 hutakiwa viwili kila figo, na kuanzia 60 vinne kila figo, kwa sababu kifuko kimojakimoja huwapata wazee wasio na ugonjwa wowote. Mama wa mgonjwa hakuwahi kupigwa picha, lakini kwa figo zilizojaa kiasi hiki pamoja na ini, na mti ule wa ukoo, hakukuwa na jina lingine: ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vingi. Jeni zake kuu ni PKD1 kwenye kromosomu ya 16, iliyotambuliwa mwaka 1994, na PKD2 kwenye ya 4, iliyotambuliwa mwaka 1996. Ya kwanza ndiyo inayopatikana zaidi na ndiyo inayoua figo mapema. Kipimo cha jeni hakikufanyika. Kingegharimu sana na kisingebadilisha hata kidonge kimoja.

Liliulizwa pia swali la jeni ya APOL1, kwa kuwa nakala mbili za aina zake mbaya ni sababu inayojulikana ya figo kufa kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini ugonjwa huo huziacha figo ndogo na zenye kung'aa, na hizi zilikuwa kubwa na nyeusi.

Baadaye ndipo maswali ya kawaida yalipopata majibu. Mara mbili katika miaka mitatu alikojoa mkojo mwekundu, mara zote mbili akatibiwa maambukizi. Usiku huamka mara tatu kukojoa. Maumivu ya ubavuni aliyaita mgongo. Na tumbo ambalo wifi zake walisema "halijarudi" baada ya uzazi lilikuwa, kwa sehemu kubwa, figo.

Dawa: nini kilichaguliwa na kwa nini

Katika ugonjwa huu shinikizo hupanda kabla figo hazijashindwa. Vifuko vikikua hubana mishipa midogo. Sehemu za figo zinazokosa damu hutoa homoni ya renini zikidhani mwili mzima umekauka, na mnyororo unaofuata hubana mishipa na kushika chumvi. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni ile inayokata mnyororo huo: enalapril au jamii yake, au losartan.

Kikwazo kilikuwa umri wake. Dawa hizo huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza yalihusu uzazi, kidonge kikafuata. Enalapril hairuhusiwi kuanza mpaka iwepo njia ya uzazi anayoitaka yeye. Alichagua kijiti cha mkononi. Vidonge vyenye estrojeni viliepukwa kwa sababu hupandisha shinikizo na huweza kukuza vifuko vya ini. Kunyonyesha hakukuzuia, enalapril hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana.

Ilianza miligramu 5 kwa siku juu ya amlodipine. Baada ya wiki mbili kreatinini ilifika 1.4 na potasiamu 4.8. Hapa ndipo vituo vingi huogopa na kuiacha dawa. Kupanda kwa hadi asilimia 30 kunakubalika. Hii ilikuwa kama 17. Ingepita 30, au potasiamu ingevuka 5.5, ingepunguzwa au kusimamishwa. Iliongezwa kuwa 10, na kipimo kikarudiwa baada ya wiki mbili nyingine: 1.4 vilevile.

Lengo liliwekwa chini ya 130/80. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kwa vijana ambao figo bado zinachuja vizuri, kushuka hadi 110/75 au chini hupunguza kasi ya figo kunenepa. Timu haikulifuata lengo hilo. Mgonjwa anapanda na kushuka ngazi akiwa na mtoto mgongoni, hana mashine nyumbani, na kizunguzungu kimoja kingetosha kumfanya aache dawa zote.

Chumvi ilipimwa kwa njia ambayo inafaa kuigwa, kwa sababu swali "unakula chumvi nyingi?" hujibiwa "hapana" na kila mtu. Aliulizwa pakiti ya nusu kilo inaisha kwa siku ngapi. Sita. Wanaokula chunguni ni saba. Gramu 500 kwa siku 6 kwa watu 7 ni karibu gramu 12 kwa kila mtu kwa siku, kabla ya kuhesabu makayabu (samaki wa chumvi) na vile vidonge vya supu vinavyotumbukizwa kwenye sombe (kisamvu). Kikomo ni gramu 5. Hakupewa karatasi ya makatazo. Alipewa hesabu moja: pakiti idumu wiki mbili. Makayabu yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe mara mbili. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zinunuliwe mbichi siku ambayo mfuko unaruhusu.

Na diclofenac na ibuprofen, dawa za maumivu zinazoumiza figo, zikakatazwa kwa majina yote zinayouzwa nayo mtaani, pamoja na vile vidonge vya rangi mbili vya "mgongo".

Ndugu wa tumbo moja

Wako wanne: kaka wa miaka 36, mgonjwa, dada wa miaka 28, mdogo wa kiume wa miaka 22. Timu iliwaita wote pamoja siku ya Jumamosi, na wakaja na watu wengine, kama inavyokuwa. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na matokeo yake yanaelezwa hapa chini.

Kaka alikuwa na 160/102, figo zimejaa vifuko, kreatinini 2.1, yaani uchujaji wa kama 41. Dada hakuwa na kifuko hata kimoja. Mdogo alikuwa na viwili, shinikizo 124/78. Kwa umri wake viwili havithibitishi na havimwachii huru. Aliambiwa hivyo kwa maneno hayohayo, na kwamba ekografia irudiwe baada ya miaka mitatu.

Watoto wa mgonjwa, wa miaka saba na minne na yule mchanga, hawakupigwa ekografia. Kifuko kikionekana kwa mtoto wa miaka minne hakuna dawa ya kumpa, ila jina la kubeba shuleni. Kinachowafaa ni kupimwa shinikizo kuanzia miaka mitano, kwa mkanda wa kitoto.

Kuhusu kifo cha mjomba, wote wanne walielezwa kitu kimoja: mishipa ya kichwani hutunga uvimbe kwa kama mmoja katika kumi wenye ugonjwa huu, na zaidi kwenye familia iliyokwisha kupoteza mtu hivyo. Picha ya mishipa ya ubongo haikuwa ndani ya uwezo wao. Walifundishwa dalili: kichwa kinachopasuka kwa sekunde moja, kikali kuliko chochote alichowahi kukijua. Hapo haingojwi asubuhi.

Matokeo baada ya miezi 14

Mgonjwa: 128/80, kreatinini 1.3, pakiti ya chumvi inadumu siku kumi, ambayo ni gramu 7 kwa mtu. Si 5, lakini ilikuwa 12.

Kaka alipotea miezi minane. Aliamini kilichomuua mama yake ndicho kinachomtafuta yeye, akaenda kwa wanaotapisha karuho, na kwa maumivu ya ubavu akameza diclofenac kila siku. Aliporudi kreatinini ilikuwa 3.0. Ilipoachwa diclofenac na shinikizo likashikwa, ilishuka hadi 2.3. Haitarudi 2.1.

Dada, yule asiye na ugonjwa, ndiye aliyeumia kwa mkutano. Mahari yake ilikuwa inazungumzwa. Mmoja wa waliosindikiza familia alisikia "ugonjwa wa ukoo", na wiki iliyofuata mazungumzo yakasimama. Barua ya daktari ilisaidia baada ya miezi minne, kwa ridhaa yake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni vitu vya bei ndogo kwa mpangilio sahihi: kipimo kilichorudiwa, karatasi ya duara na mraba, potasiamu kabla ya kidonge cha kukojoza, halafu ekografia yenye swali. Ekografia bila swali ilishafanyika mara tatu, haikuona kitu.

Mti wa ukoo ulikuwa karibu kuwa mtego. Jibu la "tansiyo kwa baba" liliiridhisha faili, na kwa kweli huyu mama anaweza kuwa amerithi pande zote mbili: vipande vidogo vya baba na jeni moja nzito ya mama. Ugonjwa wa pili hauondolewi na kuwepo kwa wa kwanza. Tena upande wenye ugonjwa mkali ndio ulioonekana msafi, kwa sababu waliokuwa nao walikufa kabla ya mtu kuwapima. Kwa hiyo "nani ana tansiyo?" ni swali dhaifu. "Nani alikufa kabla ya miaka 50, na siku zake za mwisho zilikuwaje?" ndilo lililomfikisha mtu kwenye figo. Karuho nayo iachwe kama familia inavyoisema, mradi mpangilio wa dalili uandikwe. Ambaye angebishana nayo hapo mwanzo asingepata kwikwi wala kuwashwa.

Kaka angepotea hata kwa mkutano mzuri zaidi? Huenda. Lakini aliambiwa jina la ugonjwa mbele ya watu kumi na hakupewa dakika kumi za peke yake kuuliza kuhusu mama yake. Ndugu wangeitwa mmoja mmoja, kila mtu na jibu lake, na mgonjwa mwenyewe ndiye angechagua nani aambiwe kwanza. Ingechukua Jumamosi nne badala ya moja.

Kwenye fishi ya CPN ya kituo hicho sasa kuna nafasi ya kipimo cha pili baada ya dakika tano, na mstari mfupi unaouliza shinikizo la mimba iliyotangulia. Mgonjwa ameuliza kama anaweza kuzaa tena. Ameambiwa ndiyo, kwa masharti haya: aje miezi mitatu kabla ya kutoa kijiti, enalapril iondolewe, nifedipine ya kutenda taratibu na methyldopa zichukue nafasi yake, na kreatinini ipimwe siku hiyohiyo. Mumewe alihudhuria ziara hiyo na akaandika masharti yote nyuma ya kadi ya chanjo ya mtoto.